GPS ya mkononi mitaani Dar: kuchukua pointi, kufuata mtaro na kurudi na data inayoaminika

GPS ya mkononi, yaani kifaa kinachosoma setilaiti kukuambia ulipo, haikosi jibu. Ibonyeze chini ya mwembe Kigogo, ndani ya chumba cha bati Tandale au katikati ya maghorofa ya Mtaa wa Samora, itakupa namba tu. Namba hiyo inaweza kuwa sahihi kwa mita 3 au ikawa imepotoka mita 40, na sura yake kwenye skrini ni ileile. Anayeshika kifaa ndiye anayepaswa kujua namba imetoka katika mfumo gani na inaweza kuaminiwa kiasi gani.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza: mwanafunzi, kijana wa kujitolea mtaani, au mtu wa mradi aliyekabidhiwa kifaa bila kitabu chake. Mfano wangu ni kazi ya kuweka mitaro na alama za mafuriko kwenye ramani katika bonde la Msimbazi. Dar ina historia nzuri ya kazi hii. Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza kata nyingi za jiji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Majina ya menyu nitayaandika yanavyoonekana kwenye Garmin eTrex, maana ndiyo wengi wanayo. Vifaa vingine vinatofautiana kidogo, lakini mambo ni hayohayo.

Hatua ya 1: Tengeneza mipangilio ukiwa bado nyumbani

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi za watu. Ingia "Setup", kisha "Position Format". Utakuta mambo mawili ya kuamua: mwandiko wa koodineti, yaani namba zinazotaja mahali, na datamu.

Tuanze na mwandiko. Koodineti ileile inaweza kuandikwa kwa nyuzi zenye desimali, kwa nyuzi na dakika, kwa nyuzi, dakika na sekunde, au kwa mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda zenye namba. Vifaa vingi vya Garmin vikitoka dukani huonyesha nyuzi na dakika. Hapo ndipo ajali hutokea. Chukua sehemu fulani ya Jangwani inayosomeka S 6°48.700' E 39°16.100'. Mtu akiinakili kwenye kompyuta kama 6.48700 na 39.16100, ameihamisha kilomita zaidi ya 30, na Jangwani yake sasa iko baharini, kwenye mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja. Namba sahihi kwa desimali ni -6.81167 na 39.26833, kwa sababu dakika hugawanywa kwa 60 kwanza. Na alama ya kutoa usiisahau, kwani sisi tuko kusini mwa ikweta. Bila alama hiyo pointi yako inaangukia Ethiopia.

Ushauri wangu: kama data itaingia OpenStreetMap au kwenye simu, chagua nyuzi zenye desimali, mwandiko ambao kifaa huuonyesha kama hddd.ddddd°. Kama utapima urefu na maeneo, chagua "UTM UPS", maana hapo unasoma mita moja kwa moja. Dar yote iko Kanda ya 37 Kusini. Namba ya mashariki itakuwa na tarakimu sita ikianza na 5, na ya kaskazini tarakimu saba ikianza na 92. Ukiona kitu kingine, simama ukague. Garmin nyingi zitaandika "37 M". Herufi M ni jina la mkanda wa latitudo kati ya ikweta na nyuzi 8 kusini, kwa hiyo usishtuke. Andika namba ya kanda kwenye daftari kila mara, hata kama kazi yako yote ni ya Dar. Dodoma iko Kanda ya 36, na siku faili lako litakapochanganywa na la mwenzako wa kule, namba zisizo na kanda hazitakuwa na maana yoyote.

Sasa datamu, yaani msingi ambao koodineti zote zimepimwa kutokea. Weka WGS 84, datamu ya GPS yenyewe, na uiache hapo. Lakini elewa kwa nini nasema hivyo. Ramani za zamani za topografia za Tanzania, zile za kipimo cha 1:50,000, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Tofauti kati ya hizo mbili hapa Dar ni takriban mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kukutoa mtaa mmoja na kukuingiza mwingine. Ukiwa na ramani ya karatasi mkononi na unataka kufuata mistari yake, badilisha datamu ya kifaa iwe Arc 1960 kwa muda wa kazi hiyo, kisha uirudishe. Pointi zilizomo kwenye kumbukumbu haziharibiki kwa kubadilisha. Kinachobadilika ni namba unazoonyeshwa. Kinachoharibika ni daftari lenye kurasa za datamu mbili bila maelezo.

Mengine ni ya haraka. Kwenye "System" chagua aina ya betri ulizoweka, za kawaida au za kuchaji, la sivyo alama ya chaji itakudanganya. Washa GLONASS, mfumo wa setilaiti wa Urusi, kama kifaa kinayo: betri itaisha mapema kidogo, lakini kwenye vichochoro setilaiti za ziada zinasaidia sana. WAAS na EGNOS, mifumo ya kusahihisha GPS, zima, kwani ya kwanza imejengwa kwa Amerika Kaskazini na ya pili kwa Ulaya. Weka vipimo vya mita na saa za Afrika Mashariki.

Hatua ya 2: Ingia mtaani kwa mlango

Usianze kubonyeza kabla hujapita ofisi ya serikali ya mtaa na barua yako. Omba mjumbe au kijana wa mtaa aongozane nawe. Bonde la Msimbazi lina watu walioona nyumba zao zikipigwa alama ya X nyekundu na wengine zikibomolewa, hasa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Mgeni anayezunguka na kidude mkononi akiandika kwenye daftari anaamsha kumbukumbu hizo, na wana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo hodi, shikamoo kwa wakubwa, kisha eleza kwa maneno mepesi: unachora mitaro, si mipaka, hupimi kiwanja cha mtu. Waonyeshe skrini. Mama mwenye nyumba akishaelewa, yeye ndiye atakayekuonyesha maji yalifika wapi ukutani, mtaro uliziba wapi na kalavati lipi lilizolewa. Habari hizo haziko kwenye setilaiti yoyote.

Hatua ya 3: Kipe kifaa muda wa kuona anga

Simama mahali pa wazi, washa, ufungue ukurasa wa "Satellite". Kila setilaiti ya GPS, iliyo juu kama kilomita 20,200, inarudia kutuma taarifa za mahali ilipo kila sekunde 30. Kifaa kinahitaji setilaiti nne ili kijue ulipo pamoja na mwinuko. Kama kimelala kabatini kwa miezi au kimesafirishwa mbali, kinaweza kuchukua dakika kadhaa. Subiri nguzo za setilaiti kwenye skrini zijae rangi, na si kwa kundi la upande mmoja wa anga. Unataka zilizotawanyika pande zote.

Namba ya usahihi inayoonekana hapo, tuseme mita 3 au 5, ni makadirio ya kifaa chenyewe. Haijui kwamba mawimbi mengine yamegonga ukuta au bati kabla ya kufika kwako. Kwa hiyo kwenye uchochoro mwembamba usiiamini peke yake. Sogea hatua chache hadi kwenye uwazi, chukua pointi hapo, kisha andika umbali na uelekeo wa kitu chenyewe, kwa mfano "kalavati liko mita 6 mashariki ya pointi". Ni bora kuliko kuegemea ukuta.

Jambo moja linalohusu sisi wa ukanda wa tropiki: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka, na mawimbi ya setilaiti huyumba. Hali huwa mbaya zaidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Kama una hiari, maliza vipimo kabla ya magharibi.

Hatua ya 4: Chukua pointi

Kwenye eTrex, shikilia kile kitufe cha kijiti cha dole gumba mpaka ukurasa wa pointi mpya utokee. Kwenye GPSMAP, aina nyingine ya Garmin, kuna kitufe cha "Mark". Kabla hujakubali, simama bila kusogea kwa nusu dakika hivi na utazame namba zikitulia. Kisha badilisha jina. Kifaa kitakupa 001, 002, na jioni hutakumbuka 017 ilikuwa nini. Tumia herufi chache na namba: KLV kwa kalavati, MTR kwa mtaro, MAJ kwa alama ya maji.

Kwenye daftari, na kwa penseli kwa sababu wino hauhimili mvua ya masika, andika jina la pointi, saa, usahihi ulioonyeshwa na maelezo. Kina cha mtaro na urefu wa alama ya maji kutoka sakafuni pima kwa futi ya fundi. Usitumie mwinuko wa GPS kwa hilo. Kosa la mwinuko kwa kawaida ni kubwa kuliko la mlalo, na kwenye bonde lililo tambarare namna ile, mita moja ndiyo tofauti kati ya nyumba inayofurika na isiyofurika.

Kwa pointi muhimu, kama ile utakayorudi kuitumia mwaka ujao, tumia "Waypoint Averaging". Kifaa kinachukua vipimo vingi na kutoa wastani. Garmin wenyewe wanashauri sampuli nne hadi nane, zikipishana kwa angalau dakika 90, maana setilaiti zinahitaji kuhama ndipo makosa yajisawazishe. Kukaa dakika kumi mfululizo pale pale hakuleti faida hiyo.

Na hapa nisisitize: usikubali kupima mipaka ya kiwanja kwa kifaa hiki, hata jirani akikubembeleza. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Pande zikisomeka 24 unapata 576, zikisomeka 16 unapata 256. Watu wamegombana kwa chini ya hapo. Bikoni, yaani alama za mipaka, ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni na vifaa vyake.

Hatua ya 5: Fuata mtaro kwa miguu

Pointi zinatosha kwa kalavati, lakini mtaro ni mstari, na mstari unarekodiwa kwa kutembea. Kwanza futa njia ya zamani iliyobaki kwenye kifaa, la sivyo safari yako ya asubuhi kwenye daladala itaungana na mtaro. Ingia "Setup", "Tracks", na kwenye namna ya kurekodi chagua "Distance" badala ya "Auto", uweke umbali mfupi. Ukirekodi kwa muda, kila unaposimama kuzungumza na watu kifaa kitaendelea kudondosha nukta na kutengeneza fundo.

Tembea ukingo mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, kwa mwendo wa kawaida, kifaa kikiwa kifuani au begani na uso wake ukitazama juu. Mfukoni mwili wako unaziba nusu ya anga. Nyumba ikikuzuia, zunguka, lakini andika kwamba hapo mstari si wa mtaro. Ukimaliza, hifadhi njia kwa jina kabla hujazima.

Hatua ya 6: Kurudi kwenye pointi

Chagua "Where To?", kisha pointi, kisha "Go". Mshale unaonyesha mstari ulionyooka, na Manzese au Buguruni mstari ulionyooka unapita sebuleni kwa watu. Fuata vichochoro na utazame umbali unavyopungua. Kwenye eTrex 10 na nyingine zisizo na dira ya ndani, mshale ni wa kuaminika ukiwa unatembea tu. Ukisimama, unaweza kuelekea popote. Ukifika ndani ya mita 5, weka kifaa chini na tumia macho na daftari.

Hatua ya 7: Hamisha na ukague siku hiyohiyo

Unganisha waya wa USB. Kifaa kitafunguka kama flashi, na ndani ya folda ya Garmin kuna folda ya GPX, yenye mafaili ya pointi na njia zako. Nakili mafaili yote kwenye kompyuta na mahali pa pili, uyape jina lenye tarehe na mtaa. Fungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Data ya GPX huja kwa nyuzi za WGS 84. Ukitaka mita, ihamishie EPSG:32737, ambayo ni namba ya utambulisho ya UTM Kanda ya 37 Kusini kwa WGS 84. Usiichanganye na EPSG:21037, hiyo ni ya Arc 1960.

Weka picha ya setilaiti chini yake na uanze na kalavati moja unalolijua. Pointi zote zikiwa zimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, huenda ni picha iliyosogea. Zikiwa zimetawanyika ovyo, ni vipimo. Rudia zenye shaka kesho yake, wakati bado unakumbuka ulisimama wapi. Usifute chochote kwenye kifaa mpaka nakala zote mbili zimefunguka vizuri.

Kisha chapisha ramani, hata nyeusi na nyeupe, uipeleke ofisi ya mtaa na kwa mjumbe aliyekuzungusha. Waite na wale waliokuonyesha alama za maji. Wakazi watakuambia kwa dakika chache ni mtaro gani umeuchora upande usio wake, nawe uwe na penseli tayari.