Kabla hujamvalisha mbwa wako kizibao cha uongo upande naye meli, soma hii

Kila likizo zikikaribia kuna swali naulizwa sana. Mtu ana mbwa wake anampenda, ameshabuku safari ya meli ya kitalii kutoka bandari za Marekani kama Miami au Galveston, afu anakuta kwenye intaneti wanauza kizibao chekundu kimeandikwa mbwa wa huduma, yaani mbwa aliyefundishwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, pamoja na kitambulisho chenye picha ya mbwa, anauliza nikinunua hivi vitu si wataniruhusu kupanda naye? Mi nasema usifanye hivyo, na nitakueleza kwa nini, afu nitakueleza ufanye nini badala yake, maana njia za halali zipo, iwe mbwa wako ni wa huduma kweli au ni wa kufuga tu.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Mdogo wangu ana kisukari aina ya kwanza na ana mbwa anaitwa Jasiri ambaye amefundishwa kunusa sukari ikianza kushuka, anamgusa goti kwa pua, asipojibiwa anaweka mguu juu ya paja, akiendelea kupuuzwa anabweka mara moja. Miaka kadhaa ya kazi hiyo. Tulipanda meli mimi na yeye tukalala kabini moja, siku ya tatu tumesimama tunasubiri lifti, mlango ukafunguka akatoka mama amembeba mbwa mdogo kwenye begi, mbwa kavaa kizibao kipya bado kina alama za kukunjwa, kwa sekunde mbili yule mbwa mdogo karuka chini kamuuma Jasiri sikioni. Jasiri hakurudisha, alikaa chini akatetemeka akamwangalia mdogo wangu. Damu ilikuwa kidogo tu. Lakini kuanzia hapo kila lifti ikilia anageuza kichwa, kila kona anasimama, akili yake yote imehamia kutafuta yule mbwa mwingine, na usiku ule saa tisa aliyeniamsha ni mlio wa kifaa cha kupimia sukari, sio Jasiri. Namba ilikuwa 48, yaani sukari imeshuka mno. Mdogo wangu kalowa jasho mpaka shuka, mikono inatetemeka anashindwa kuchoma mrija kwenye pakiti ya juisi, nikamchomea mimi. Siku zote Jasiri humtangulia kile kifaa kwa dakika nyingi tu. Yule mama alilia akaomba msamaha, akasema mbwa wake hajawahi kung'ata mtu wala mnyama, na namwamini kabisa, lakini mbwa yule alikuwa hajawahi pia kukaa kwenye chuma kinachotikisika kikiwa kimejaa watu maelfu.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na wauza vyeti. Marekani sheria inayohusika ni ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na kwa kanuni zinazotumika tangu Machi 2011 mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kuna kifungu cha pembeni kuhusu farasi wadogo lakini paka, kasuku na sungura hawamo. Neno la kushika hapo ni kazi. Kuongoza asiyeona, kumtahadharisha kiziwi, kuokota vitu kwa mtu wa kiti cha magurudumu, kutambua kifafa, kumkatisha mtu shambulio la hofu kwa kitendo alichofundishwa. Mbwa ambaye uwepo wake tu unakutuliza ni mbwa wa faraja, ana thamani yake nyumbani lakini chini ya ADA hahesabiki, na makampuni makubwa ya meli hayampokei. Ndege nazo zilibadilika, tangu Januari 2021 mashirika ya ndege Marekani hayalazimiki tena kubeba wanyama wa faraja bure kabini.

Watu wanasema aa lakini zile ni meli zenye bendera ya Bahamas au Panama, sheria ya Marekani inaingiaje? Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2005 kwenye kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, kwamba kwa ujumla ADA inazigusa meli za bendera ya nje zikiwa kwenye maji ya Marekani. Waliopigania ile kesi walikuwa abiria wenye ulemavu, na haki unayotaka kuitumia kwa kizibao cha kununua ndiyo waliyoipigania wao.

Na jambo lingine, serikali ya Marekani haina daftari lolote la kusajili mbwa wa huduma. Kwa hiyo cheti chochote unachouziwa, hata kiwe na muhuri wa dhahabu, hakikupi haki yoyote. Mfanyakazi anaruhusiwa kukuuliza maswali mawili tu kama ulemavu hauonekani: je huyu mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na je amefundishwa kufanya kazi gani. Haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini wala kudai mbwa aonyeshe kazi yake. Kuna mtu ataona hapo ndipo penye upenyo, nadanganya maswali mawili basi nimepita. Utapita hapo, ndio. Meli ndiyo itakayokuumbua, na hata kabla ya meli kuna sheria za majimbo. Florida, ambako safari nyingi zinaanzia, kumsingizia mbwa kuwa wa huduma ni kosa la jinai linaloambatana na saa 30 za kazi ya jamii kwenye taasisi inayohudumia wenye ulemavu. California adhabu inaweza kufika dola 1,000 na jela miezi sita. Texas nako kuna faini ya mpaka dola 1,000 na saa 30 zilezile.

Haya, kwa nini meli inaumbua? Kwanza haja. Kwenye meli hamna nyasi, mbwa anawekewa sanduku lenye maganda ya mti au nyasi za kuwekwa, limekaa pembeni ya deki, na mbwa wengine wanalitumia pia. Mbwa wa kufuga aliyezoea bustani atalinusa ageuke aondoke, atabana siku nzima, pengine mbili, anahema, tumbo gumu, mwisho anaachia kwenye zulia la korido. Mbwa asiyejua kujizuia ndani ya jengo anaweza kuondolewa kisheria hata kama ni wa huduma kweli, na vilevile mbwa asiyetulia ambaye mwenyewe hawezi kumdhibiti. Pili huwezi kumwacha kabini peke yake ukaenda kula, makampuni makubwa yanakataza, kwa hiyo yuko na wewe bufee, ukumbini, kila mahali isipokuwa kwenye mabwawa na spa. Tatu lile zoezi la dharura, honi fupi saba na moja ndefu, sauti inayotikisa kifua, mbwa ambaye hajaandaliwa anajikojolea palepale au anajaribu kukimbia, na kwenye meli hakuna pa kukimbilia. Hapo bado bandari hazijaja.

Kama mbwa wako ni wa huduma kweli, basi maandalizi ndiyo haya, na usiyaanze wiki ya mwisho. Siku ileile unayobuku piga simu kitengo cha abiria wenye mahitaji maalumu, kila kampuni kubwa inacho, waambie una mbwa, anafanya kazi gani, na omba sanduku la haja liwekwe karibu na kabini yako, uliza limejazwa nini kabisa kabisa. Ukishajua, tengeneza la kwako nyumbani, boksi lenye upana kama mita moja na kidogo, jaza kitu hichohicho, anza kumpeleka hapo kila asubuhi na neno moja la kumwamuru, lisibadilike. Jasiri alichukua karibu wiki tano kulikubali. Wiki ya kwanza alisimama tu ndani akituangalia kama amekosea, ikabidi tuchukue karatasi yenye mkojo wake tuizike chini ya maganda ndipo akaelewa. Usikate tamaa hapo, na kama baada ya wiki zote amegoma kabisa basi ahirisha safari, kibofu cha mbwa sio cha kufanyia majaribio baharini. Sauti ya honi nayo mchezee kwenye simu, anza chini kabisa huku anakula, panda taratibu siku hadi siku. Ngazi za chuma zenye matundu zile za kushukia gatini pia mzoeze mahali popote penye ngazi za namna hiyo, mbwa wengi wanagoma wakiona chini kunapita maji.

Makaratasi ndiyo yanayovunja watu moyo. Sheria ya Marekani haivuki kwenda bandari za wengine, kila nchi mnayotia nanga ina sheria yake ya kichaa cha mbwa na haijali kampuni yako imesema nini. Bahamas wanataka kibali cha kuingiza mnyama. Jamaica ni wakali mno, panga tu kwamba mbwa hatashuka. Hawaii ni jimbo la Marekani lakini haina kichaa cha mbwa na wanailinda hali hiyo kwa karantini, mbwa wa huduma anaweza kusamehewa karantini iwapo ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo na kipimo cha damu vilivyokamilika kabla. Uingereza wanataka chipu, chanjo ya kichaa iliyotimiza siku 21 na dawa ya minyoo aliyopewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, ukizidisha saa umekosa. Andika orodha ya bandari zako zote, moja moja, pigia ofisi ya mifugo ya kila nchi au soma tovuti yao, peleka orodha hiyo kwa daktari wa mifugo mwenye idhini ya USDA, wizara ya kilimo ya Marekani. Bandari ambayo karatasi zake hazijakamilika mbwa anabaki melini, na kwa kuwa haachwi peke yake na wewe unabaki naye, au kwa maneno mengine umelipia kisiwa ambacho utakiona kwa dirisha. Sisi ilitukuta bandari moja, mdogo wangu alikaa kwenye balkoni na Jasiri miguuni, mimi nikashuka nikamletea picha.

Na usisahau kurudi. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka mbwa yeyote anayeingia Marekani, hata aliyezaliwa humohumo, hata wa huduma, awe na umri wa angalau miezi sita, awe na chipu, aonekane mzima na awe na risiti ya fomu ya kuingiza mbwa, fomu inajazwa mtandaoni bure. Kama amepita nchi ambazo CDC inazihesabu kuwa na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Jamhuri ya Dominika na Colombia zimo na meli nyingi zinapita huko, unahitaji pia uthibitisho wa chanjo aliyochanjwa Marekani, na uthibitisho huo unashughulikiwa kabla ya kuondoka, ukiwa baharini umeshachelewa. Karatasi zote beba nakala ngumu kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku lililokwenda chini na mizigo. Chakula chake chote unabeba mwenyewe, weka na cha siku tatu za ziada, na jaketi la kuelea la saizi yake.

Sasa wewe mwenye mbwa wa kufuga, najua umesoma yote haya moyo unauma kwa sababu humuachi kwa kupenda. Anza mapema kumtafutia mtu, akae naye kwanza usiku mmoja, afu wikiendi nzima, ndipo ujue anakula vizuri usipokuwepo. Mwachie fulana uliyoivaa bila kuifua, inasaidia sana zaidi ya midoli. Ukiona kabisa huwezi kusafiri bila yeye basi ipo meli moja inayobeba wanyama wa kufuga waziwazi bila uongo wowote, Queen Mary 2 ya Cunard, inayovuka Atlantiki kati ya New York na Southampton, kwa kawaida siku saba. Ina mabanda ya mbwa na paka juu huko deki ya 12, ina mtu wa kuwahudumia, ina sehemu ya kutembea ambayo wameweka nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la New York ili kila mbwa apate alichozoea kuinulia mguu. Mbwa hatalala na wewe kabini, unamtembelea kwa saa zilizopangwa. Mabanda ni machache, yanajaa mapema sana, kwa hiyo unatafuta nafasi ya mbwa kwanza ndipo ubuku kabini yako.

Na ukiwa melini ukamshuku mbwa wa mtu mwingine usimvamie mwenyewe kwa maneno, hujui anaumwa nini, mdogo wangu ameshaambiwa mbona huonekani mgonjwa na ilimharibia siku nzima. Angalia mbwa anafanya nini. Akibweka ovyo, akirukia watu, akila kwenye sahani za meza, akijisaidia zuliani, nenda mapokezi ueleze ulichokiona, wapi na saa ngapi, ombeni kiandikwe. Sisi tulipoeleza habari za lifti walituma daktari wa meli akasafisha sikio, yule mama akabakizwa kwenye deki yake, na siku ya mwisho kabisa ya safari, tumepanga foleni ya kushuka, Jasiri akamgusa mdogo wangu goti kwa pua. Tukapima palepale kwenye foleni. Ilikuwa 66 inashuka.