Kuzamia kwa miwani Manda Toto wakati wa tangambili

Mwezi wa Machi upepo wa kaskazi unalegea na ule wa kusi bado haujashika. Hapo katikati, ndiyo tangambili, bahari ya Lamu, kiliko kisiwa kidogo cha Manda Toto, hutulia, ukaona mchanga wa chini nawe uko juu ya maji. Masika yakianza, basi tena. Kwa hiyo wahi.

Hatua ya 1. Chagua siku kwa mwezi wa angani, si kwa ratiba ya hoteli. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua: mkondo unavuta na tope linatimka. Wewe tafuta maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: siku ya 8 hadi 10 hivi tangu mwezi uandame, au ya 22 hadi 24. Nahodha yeyote pale gatini atakutajia bila kugusa simu.

Hatua ya 2. Ondoka na maji yanayojaa. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, hupungukiwa maji, na chombo kikikwama mtakaa. Tena maji yanayoingia hutoka bahari kuu, ni safi. Yanayotoka yamepita mikokoni. Ingia karibu na kujaa, toka yakianza kuvuta.

Hatua ya 3. Miwani. Hapa ndipo wengi huharibikiwa na siku. Iweke usoni bila ukanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe ni yako, ikidondoka irudishe. Wenye sharubu, pakeni vaselini chini ya pua. Kioo kipya kisugue kwa dawa ya meno nyumbani, na kabla ya kuingia kitemee mate, ukisuuze. Ukanda usikazwe sana. Unaokazwa ndio unaovujisha.

Hatua ya 4. Jizoeze ufuoni Shela, maji ya kifuani. Pumua polepole kwa mdomo. Mrija ukiingia maji, puliza kwa nguvu. Ukizama, bana pua upulize taratibu. Masikio yakiuma, panda juu.

Hatua ya 5. Usikanyage matumbawe. Joto la 1998 liliyapausha na mengi yakafa pwani nzima, na yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka.

MASWALI

Kaka, sisi wa Malindi je?
Mbuga yenu ya bahari ni ya tangu 1968, lipeni kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, muingie. Ila kaskazi husukuma tope la Mto Sabaki upande wenu. Mkikuta maji mekundu, shukeni Watamu.

Sijui kuogelea. Laifu jaketi yatosha?
Yatosha kuelea, dada, haitoshi kukurudisha mkondo ukikuchukua. Shikana na mwenzio anayejua, msiende mbali na mashua.

Nikizamia na mtungi wa hewa leo jioni, naweza kupanda ndege Manda kesho asubuhi?
Hapana, bwana. Mzamo mmoja ngoja muda wa saa 12 angalau, zaidi ya mmoja muda wa saa 18. Miwani na mrija peke yake haina shida.

Mwanangu ana miaka 8, nije naye?
Njoo naye, mama. Miwani ruhusa. Mtungi wa mafunzo ya baharini angoje afikishe 10.