Kabla ya kumwaga glasi "iliyoharibika"

Nafundisha kemia Kidato cha Pili hapa Dodoma. Maabara yetu ni meza mbili na kabati la chupa zilizokauka, kwa hiyo asidi na besi naanzia sokoni: rozela kavu, limau, magadi, chumvi, sabuni ya unga.

Chemsha kikombe cha rozela katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, chuja, ipoe. Tumia siku hiyohiyo, ikilala inachacha. Wapange wanne wanne, kila kundi na glasi za plastiki zinazoonyesha ndani na bomba la sindano la mililita 5, sindano umeitoa. Na watangazie mapema kwamba juisi hii hainywewi, maana wataionja tu.

Kabla hawajagusa kitu, kila mmoja aandike kwa peni, si penseli, kipi kitabadili rangi na kwa nini anadhani hivyo. Hapo usilegeze kamba. Asiyebashiri anaishia kutazama rangi kama muvi.

Kisha wadondoshee juisi ya rozela kwenye kila glasi: limau huleta wekundu mkali, magadi kijani. Ni kazi ya anthosianini, rangi ya asili ya rozela. Nyamaza, wayaone wenyewe.

Mwaka jana glasi ya chumvi iligeuka zambarau. Makundi matatu yakaandika fasta: chumvi ni besi. Kisha glasi ya maji matupu, ile ya kulinganishia, nayo ikageuka. "Mwalimu, hii imeharibika," wakataka kuimwaga. Nikawazuia, nikauliza: mmejuaje? Wakaiosha, wakarudia, vilevile. Binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei, akasema tujaribu maji ya mvua. Yakabaki mekundu, na ya mvua yenye chumvi pia. Kumbe ni maji yetu ya kisima, haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ile sentensi ya chumvi waliikata kwa mstari mmoja tu, isomeke bado.

Kipindi kinachofuata wadondoshe limau kwenye glasi ya magadi, tone kwa tone, wakihesabu hadi wekundu urudi. Povu litapanda, tandika magazeti. Wasichelewe: kijani kikikaa sana hugeuka njano na hakirudi tena. Kundi moja likipata matone mengi kuliko jingine, usikimbilie wastani. Uliza nani alisawazisha kijiko cha magadi na nani alikijaza mlima.