Somo: Kupima ugumu wa mazoezi ya vyuma bila kujua kilo

Gym nyingi za mitaani hapa Kampala, vyuma vyake havina namba. Utakuta makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, gia za lori, bomba la maji. Programu ya kwenye simu inakuambia ubebe asilimia 75 ya uzito mkubwa kabisa unaoweza kuuinua mara moja. Asilimia 75 ya nini, wakati hakuna aliyewahi kulipima lile kopo? Ndiyo maana nawahimiza wanachama wote wajifunze kupima kwa juhudi wanayoisikia mwilini. Kipimo hiki hakidai mizani, na kwa gym kama zetu naona ndicho cha kwanza kujifunza.

Mwanzilishi wake ni Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, miaka ya 1960. Ngazi yake ilianzia 6 hadi 20, kwa kuwa ukizidisha namba kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo, 60 hadi 200. Wakimbiaji inawafaa sana. Kwenye vyuma mapigo hayasemi mengi, kwani seti nzito (yaani mkupuo mmoja kabla ya kupumzika) ya marudio matatu, kuinua mara tatu, inaisha moyo haujachangamka. Sisi tunatumia 1 hadi 10, na tunahesabu marudio yaliyobaki, yaani ambayo bado ungeweza kuyafanya kabla ya kushindwa.

Hatua ya 1: zijue namba. 10 maana yake hakuna hata rudio moja lililobaki. 9, limebaki moja. 8, mawili. 7, matatu. 6 na 5, kati ya manne na sita. Chini ya hapo ni kupasha mwili moto, msibishane kama ni 3 au 4.

Hatua ya 2: ujue mwisho wako uko wapi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mgeni wa vyuma hutua chuma akiapa yamebaki mawili, kumbe yamebaki matano. Dawa yake ni kutabiri kisha kuhakikisha. Mara moja kwa wiki, kwenye seti ya mwisho ya zoezi salama kama pushapu au kukunja mikono, sema kwa sauti "yamebaki mawili", halafu endelea mpaka ushindwe kweli, umbo la zoezi likiwa zuri. Usijaribu hivyo ukiwa na bomba mabegani, wala umelala kwenye benchi bila mtu wa kukudaka.

Tazama kasi. Bomba linapofika katikati, viwiko vikiwa vimekunjika nusu, likianza kupanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zako zote, mwisho u karibu. Misuli kuwaka moto si kushindwa. Kuhema si kushindwa.

Hatua ya 3: weka lengo kabla ya kushika chuma. Mfano, seti 3 za marudio 8, kwa namba 7 au 8. Seti ya kwanza ikija 5, ongeza. Ikija 9, punguza hapo hapo. Anayeanza abaki 5 au 6 mpaka umbo la zoezi likae.

Hatua ya 4: andika papo hapo. Paka kila kopo alama ya rangi. Daftarini: "Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma), kopo jekundu, marudio 8, namba 8." Baada ya wiki kadhaa kopo lile lile, marudio yale yale, likija 6, umeongezeka nguvu, na kilo hukuzihitaji.

Hatua ya 5: pima siku nzima. Nusu saa baada ya kumaliza, ipe kazi yote namba kati ya 0 na 10, uzidishe kwa dakika ulizofanya. Dakika 60 kwa namba 7 ni 420. Jumla ya wiki ikiruka ghafla, jihadhari.

Maswali ya wanachama

*Jinja: Kocha, mchana kutwa napakia miwa. Jioni chuma changu cha kawaida kinakuja 9. Nijikaze?*
Hapana ndugu yangu. Miwa nayo ni vyuma. Punguza mpaka upate 7, ndiyo kazi ya kipimo hiki.

*Mbale: Na Ramadhani je?*
Namba itapanda kwa kiu na usingizi mdogo. Fanya baada ya futari, na punguza seti.

*Masaka: Nina presha, na dawa ninayotumia inapunguza mapigo ya moyo.*
Mzee wangu, daktari wako kwanza. Akikuruhusu, juhudi itakuongoza vizuri kuliko mapigo, maana dawa imeshayashusha. Kaa 4 hadi 6, toa pumzi unaposukuma, usiibane kamwe. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha na uende hospitali.

*Kampala: Napiga pushapu 30, siwezi kukadiria zilizobaki.*
Marudio yakiwa mengi makadirio huyumba. Weka miguu juu ya benchi, au begi la mchanga mgongoni, ili mwisho wako uwe kati ya marudio 8 na 12.

*Entebbe: Kaka zetu wanasema usipofika 10 kila seti hujafanya kitu.*
Dada, misuli inakua vizuri ukibakiza rudio moja hadi matatu. Ukishindwa kwenye seti ya kwanza, zinazofuata zinaanguka, na kesho kutwa bado umechoka. Ukiitaka 10, iweke kwenye seti ya mwisho ya kukunja mikono, skwoti uiache kwenye 8.