Laina ya bwawa la shamba imechoka? Piga hesabu kwanza kabla ya kumpigia muuzaji simu

Huku kwetu Makueni mvua ya kutegemea ni ile ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, kwa hivyo kazi ya kubadilisha laina (ile plastiki nyeusi ya polythene inayotandikwa bwawani ili maji yasizame ardhini) inafaa iwe imeisha Septemba, na kama ni ya kuisha Septemba basi pesa ianze kutafutwa mwezi wa tano ama wa sita hivi, si siku umeona wingu. Ukingoja wingu mafundi wote wako kazini na utalipa bei yoyote utakayotajiwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha maji yanavuja kweli. Chukua ndoo, itie maji, isimamishe ndani ya bwawa kwenye kona isiyo na kina, maji ya ndani yalingane na ya nje, alafu weka alama pande zote mbili. Kaa siku mbili bila kuchota. Jua linanyonya ndoo na bwawa sawasawa, so kama ndoo imeshuka kidole kimoja na bwawa limeshuka vidole vinne, hapo kuna tundu. Kama zimeshuka sawa, shida yako ni jua, hata ukinunua laina mpya maji yatapungua tu vile vile.

Sasa tundu liko wapi? Acha maji yashuke yenyewe, manake yakifika usawa wa tundu yanaacha kuvuja, yanabaki kushuka kidogo kidogo kwa jua tu. Yangu yalikaa siku tatu karibu pale pale, nikazunguka taratibu nikiangalia ule mstari wa maji tu, nikalipata kwenye mkunjo, dogo kama punje ya mahindi, na ncha nyeupe ya ndago bado imechomoza ndani yake kama sindano. Ndago hutoboa kutoka chini. Ningeweka laina mpya juu yake bila kung'oa vile vitunguu vyake vyote ardhini, msimu mmoja tu ningekuwa nimerudi pale pale. Wengine ni fuko, panya, kwato za mbuzi, ama jiwe ambalo halikutolewa tangu siku ya kuchimba. Jua kilichoua ya zamani ndio ujue utatumia pesa wapi.

Alafu shika kipande cha juu, kile kinachopigwa na jua mwaka mzima, kikunje kwa nguvu kati ya vidole. Kikipasuka ama kikionyesha nyufa kwenye mkunjo, plastiki imezeeka, usipoteze pesa kwa viraka. Kama bado ni laini na tundu ni moja mbili, ita fundi mwenye mashine ya joto aweke kiraka. Gundi sahau, hii plastiki haishikani na gundi, utabandika leo na wiki ijayo kimeachia.

Vipimo ndipo watu wengi wanaumia. Laina yangu ya kwanza niliagiza kwa kupima mdomo wa bwawa, ikaja fupi, hiyo pesa sikuirudisha. Tuseme bwawa ni mita 20 kwa 15 juu, kina mita 3, kuta zimelala kiasi kwamba kila ukishuka mita 1 unaingia ndani mita 1. Chini itakuwa mita 14 kwa 9. Ukuta wenyewe, ukilaza futi kamba juu yake, ni mita 4.24, si 3. Ongeza mita 1 kila upande ya kuingia kwenye mtaro wa kufukia kingo. Urefu: 14 ya chini, na 8.5 ya kuta mbili, na 2 ya mtaro, jumla 24.5. Upana: 9 na 8.5 na 2, jumla 19.5. Zidisha, unapata karibu mita za mraba 478, wakati mdomo ni 300 tu! Muuzaji akikutajia shilingi 250 kwa mita ya mraba (weka bei utakayopewa wewe), laina peke yake ni 119,500. Uliza hapo hapo kama VAT imo, kama kuchomelea kumo, na usafiri ni wa nani.

Unene pia uliangalie. 0.5mm inatosha udongo laini, lakini kama kwako ni changarawe enda 0.75 ama 1mm. Na uje na mizani. Laina halisi ya 0.5mm ni karibu gramu 470 kwa mita ya mraba, kwa hivyo zile mita 478 zinafaa ziwe kama kilo 225. Ukiletewa kilo 170, hiyo si 0.5, haijalishi karatasi imeandikwa nini.

Kwa bajeti andika pia vibarua wa kutoa tope na kung'oa mizizi siku mbili tatu, watu sita ama nane wa kukunjua laina, gunia ama ile laina ya zamani ya kutandika chini, na chakula chao. Kama una samaki, wavue na kuwauza kabla, hiyo pesa iingie humu. Maji yaliyobaki nyweshea miti. Acha na kidogo cha pembeni, manake ukishatoa ya zamani lazima utakuta ukuta mmoja umeporomoka.

Siku ya kutandika anzeni asubuhi sana. Laina nyeusi ikipata jua inatanuka, ukiivuta ikakaza mchana, usiku inasinyaa na kuvuta kingo. Iache ilegee kidogo. Watu wavue viatu. Jaza maji kama sentimita 30 kwanza, nyoosha mikunjo, ndio ufukie mtaro. Kingo zikishafukiwa huwezi tena kurekebisha.

Na uzio uwe kwenye bajeti hiyo hiyo, usiseme utaweka mwaka ujao. Laina ikilowa inateleza vibaya, mtu mzima akianguka hawezi kupanda mwenyewe, sembuse mtoto aliyefuata mpira. Nguzo, waya, geti lenye kufuli, na kamba nene zenye mafundo zikining'inia kila upande hadi kwenye maji. Kama pesa haitoshi laina na uzio pamoja, ngoja. Bwawa likae kavu msimu huu.