Kaburi la nyama, mizuka ya viazi na kinamasi cha mrenda: mlo wa kutisha wa watu sita

Mlo huu unafaa jioni ya tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, au Ijumaa yoyote ya mvua ambayo watoto wamekataa kula. Rangi za chupa hatutumii. Kinachotisha hapa ni umbo, na umbo linategemea mambo mawili tu: viazi vikavu na mchuzi mzito. Ukikosea hapo, mzuka unageuka uji.

Vya kununua kwa kaburi na mizuka (vya mrenda na soseji viko kwenye hatua zake): viazi kilo moja na nusu (shangi za Molo zinatosha kabisa), nyama ya kusaga nusu kilo, vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya nne, nyanya ya mkebe vijiko vikubwa viwili, minji kikombe kimoja, vitunguu saumu punje nne, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, dania, siagi gramu 60, mayai mawili, maziwa kidogo, unga wa ngano. Njahi (maharagwe meusi yenye mstari mweupe) ishirini na nne za macho, chukua kwenye sufuria ya njahi za kesho. Ziwe zimeiva kabisa.

1. Viazi

Menya, kata vipande vikubwa, weka kwenye maji baridi yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ndipo uwashe moto. Shangi huiva upesi na kupasuka upesi. Ukizitumbukiza kwenye maji yanayotokota, nje inasambaratika na kunywa maji wakati ndani bado pagumu. Usiamini sana dakika za vitabuni. Kwa ajili ya mwinuko, maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ya Kisumu kama 96, kwa hiyo viazi vya Nakuru huchelewa kidogo. Kipimo ni kisu: kikipenya na kiazi kikateleza chenyewe, tayari.

Mwaga maji yote. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo bila kifuniko, tikisa dakika mbili hadi tatu mpaka mvuke upungue na ukungu mweupe ushike pembeni mwa sufuria. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu aina ya viazi.

Ponda vikiwa moto. Siagi itangulie, halafu maziwa ya moto, vijiko vikubwa vitano tu. Acha vipoe kidogo, ndipo uchanganye viini viwili vya mayai. Hivyo ndivyo vitakavyokaza mzuka ukiwa kwenye oveni. Viini vikiingia kwenye viazi vya moto sana vinaganda vipande vipande. Blenda isikaribie: visu vyake huachilia wanga wote na unabaki na gundi. Simamisha mwiko katikati ya sufuria. Ukilala, rudisha motoni ukaushe zaidi kabla ya kutia viini.

2. Udongo wa kaburi

Pasha karai mpaka liwe moto kweli, kaanga nyama kwa mafungu mawili. Ukimimina yote pamoja inatoa maji na kuchemka, inabaki ya kijivu. Itoe. Kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, tia saumu na tangawizi, kisha nyanya ya mkebe peke yake. Igeuze kwa dakika tatu hadi nne mpaka iwe rangi ya tofali. Rangi ya udongo inatoka hapo, pamoja na utamu. Ongeza karoti zilizokatwa ndogo, nyanya, nyama, na kijiko kikubwa kimoja cha unga. Koroga, tia kikombe kimoja cha maji, chumvi na pilipili manga. Dakika ishirini kwenye moto mdogo. Minji ziingie dakika tano za mwisho, dania mwisho kabisa.

Pitisha mwiko kwenye sakafu ya karai. Njia ikikaa wazi ukihesabu moja hadi tatu, mchuzi umefika. Mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 30, tandaza, acha upoe robo saa. Mvuke wa mchuzi wa moto hulowesha miguu ya mizuka.

3. Kusimamisha mizuka

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017, si kila nyumba ina mfuko wa kukata pembe. Tumia karatasi ya kuokea iliyokunjwa umbo la pia, au pakiti ya maziwa iliyooshwa vizuri, ilimradi viazi viwe vuguvugu, si moto. Tundu liwe la sentimita mbili. Shika wima, kamua bila kusogeza mkono mpaka kitako kienee, panda taratibu hadi kimo cha sentimita sita, acha kukamua, *ndipo* uvute juu. Anayevuta huku anakamua anapata mkia mrefu unaoinama. Trei hiyo inabeba kumi na mbili.

Oveni nyuzi 200, dakika 15 hadi 20, mpaka ncha zianze kushika rangi. Macho yawekwe baada ya kutoa. Njahi hukunjamana na kukauka ndani ya oveni. Zikaushe kwa kitambaa kwanza, la sivyo mzuka unalia machozi meusi. (Watoto wengine watapenda zaidi hivyo.) Ule mstari mweupe wa njahi uelekeze mbele.

4. Kinamasi cha mrenda

Ukiwa Magharibi ya Kenya huhitaji kubuni ute wa zimwi, unauzwa sokoni kwa mafungu. Chemsha vikombe viwili vya maji, tia magadi robo kijiko cha chai. Weka majani ya kunde konzi mbili, dakika tano, halafu mrenda uliochambuliwa konzi nne. Acha sufuria wazi, koroga kila mara, dakika nane hadi kumi. Kifuniko hurudisha mvuke wenye asidi ya majani na kijani kinafifia kuwa rangi ya kaki. Magadi hufanya kinyume, hulinda kijani na kulainisha. Yakizidi, mboga inakuwa chungu na ladha ya sabuni, na hapo hakuna dawa. Kunde zinaupa mrenda mwili, usiwe ute mtupu. Pakua kwenye bakuli lake, usiuweke kando ya viazi: utavilowesha.

5. Soseji za sanda

Soseji nane zikaangwe nusu, zipoe, zipanguswe mafuta. Kanda unga vikombe viwili, baking poda kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko, mafuta vijiko viwili na maji vuguvugu kiasi cha unga wa chapati. Upumzike nusu saa, sukuma, kata kanda za sentimita moja, zungushia ukiacha mwanya wa uso. Oka dakika 20 hadi 25. Soseji yenye mafuta nje huvua sanda yake.

Maswali na majibu

Mama Jabali, Kiamunyi: Sina oveni, nina jiko la makaa tu. Nitafanyaje?

*Jibu:* Mama Jabali, chukua sufuria nzito pana, weka mawe matatu madogo ndani, trei ikae juu yake isiguse sakafu. Pasha sufuria tupu dakika kumi. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko cha bati, kama moja kwa mbili. Rangi inatoka juu, kwa hiyo makaa yakiwa mengi chini udongo utaungua na mizuka ibaki mibichi. Funua baada ya dakika 20, si kabla.

Nyar Kondele: Kwetu Ijumaa ni samaki. Naweza kubadilisha nyama?

*Jibu:* Unaweza, nyar. Minofu ya mbuta (sangara) gramu 600. Pika mchuzi wote kwanza mpaka uwe mzito kupita wa nyama, kwa sababu samaki atatoa maji yake. Mlaze juu ya mchuzi, funika dakika sita, mvunje kwa uma vipande vikubwa, usikoroge. Papasa miba kwa vidole. Omena (dagaa) zilizokaangwa zikakauka, zichomeke kichwa juu kati ya mizuka baada ya kuoka. Hizo zinakuja na macho yake.

Chapo Kwanza, Bungoma: Kwa nini nisitumie ugali?

*Jibu:* Tumia, lakini usikamue. Songa ugali mgumu, ujaze kwenye vikombe vidogo vilivyoloweshwa ungali moto, pindua mara moja. Ukichelewa, unapasuka ukitoa. Usiuoke, unafanya ganda. Weka juu ya mchuzi wakati wa kupakua.

Baba Pacha, Lanet: Mizuka yangu ilisimama vizuri, ikalala ndani ya oveni.

*Jibu:* Uliweka viini, Baba Pacha? Kama uliweka, basi maziwa yalizidi au oveni haikuwa imepata moto. Siagi huyeyuka kabla yai halijakaza, kwa hiyo joto la chini linaangusha. Subiri nyuzi 200 zifike kweli.

Shosh wa Njoro: Mimi habari za mizimu mezani sizitaki.

*Jibu:* Pole shosh. Waite vifaranga, uwape mdomo wa karoti. Vipimo ni vilevile.

Mama Jabali, Kiamunyi: Na ikibaki, bila friji?

*Jibu:* Nyama na viazi vyenye mayai visikae nje zaidi ya saa mbili. Bila friji, oka nusu tu ya trei. Mchuzi uliobaki uchemshwe na uliwe usiku uleule, na viazi ambavyo havijatiwa viini vikaangwe vibanzi vya duara kabla ya kulala.