Ukipotea katikati ya brifingi: Kiingereza cha kurudia njia

Hii ni ya wenzangu wa Moshi mnaojiandaa kuongoza wageni mlimani Kilimanjaro. Kiingereza cha njia na kambi mnacho. Kinachotuponza ni porojo.

Jioni moja pale kambi ya Machame nilikuwa naeleza ratiba ya kesho: kuamka saa 12, maji lita 3, koti la mvua lisizikwe chini ya begi. Nikataja kilele, mita 5,895. Kufumba na kufumbua niko kwa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni 1889, kisha kwenye migomba ya babu kule Kibosho. Supu imepoa, na wageni hawajajua watembee saa ngapi.

Hatua ya 1: jishtukie, ukiri. "Sorry, I've gone off on a tangent." Tangent ni ule mstari wa hesabu za sekondari: unagusa duara mahali pamoja tu, halafu unakwenda zake. Maneno yangu yaligusa kilele, yakatimkia migombani. Lipo pia fupi, "but I digress". Hilo husemwa kwa tabasamu, usilitamke kama unasoma hukumu.

Hatua ya 2: angalia nani amekutoa njiani. Mgumu, yaani mpagazi, akija kuuliza habari ya hema la jiko, ukapotelea huko, sema "I got sidetracked". Neno ni la reli za Marekani, ile njia ya pembeni ambako treni husogezwa ipishe nyingine.

Hatua ya 3: rudi. "Anyway, back to tomorrow" inatosha. Ukiwa umesahau kabisa ulipoishia, uliza "where was I?" Iwe was, tafadhali. Kiongozi akiuliza "where am I?" kwenye ukungu wa Machame, wageni watataka kushuka usiku huohuo.

Hatua ya 4 ndiyo iliyonigharimu. "Beat around the bush" watu huitafsiri kutoka nje ya mada. Sivyo. Ni kuzunguka mbuyu: jambo unalijua, hutaki kulitamka. "Red herring" ni kali zaidi, ni chambo cha kuwapoteza watu wasione jambo lenyewe. Yote mawili yanabeba shutuma.

Mimi sikulijua hilo. Nilimuuliza mgeni kama kichwa kinamuuma, akaanza kunisimulia mbwa wake. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "You're beating around the bush." Nilidhani namrudisha kwenye mada, yeye alisikia anaitwa muongo. Akaninunia mpaka kambi ya Shira.

Siku hizi mgeni akitangatanga simpi msemo wowote. Namwacha amalize, apige funda la maji, kisha nauliza upya: "And your head?"

Yule wa mbwa, kumbe, kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi.